Dungu Lisilovuja

Mvua kubwa ikinyesha usiku kucha kati ya Nachingwea na Ruangwa, asubuhi yake watu huulizana mambo mawili: daraja lipo, na mzee kule dunguni kalalaje? La kwanza ni la serikali. La pili ni la fundi wa kuezeka, na huyo ndiye ninayetaka kumsifu.

Huku kusini mwa Tanzania mwaka una kifuku kimoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au zaidi kidogo, na karibu mvua yote tunayoipata hushuka humo. Ni miezi hiyohiyo ambayo mahindi na mtama hutaka mlinzi. Nguruwe huja usiku, ngedere na nyani huja mchana, basi wengi huhamia shamba, kwenye kibanda cha ulinzi kiitwacho dungu. Nyumba ya kijijini hubaki na kufuli.

Nilimfuata mjomba shambani kwake baada ya mvua ya namna hiyo. Bodaboda ilinishusha barabarani, dereva akakataa kuingia kwenye tope jekundu, nikavua viatu. Dungu lilikuwa limesimama juu ya nguzo zake za panda, maji yakipita chini. Juu, kwenye kipande cha sakafu kilichokandikwa udongo, moto ulikuwa bado hai, na unga kwenye kikapu ulikuwa mkavu.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba. Naona umeshaogea njiani.”

Nikajilaza chali kutazama paa kwa ndani, maana huko ndiko ufundi unakoonekana. Makombamoyo yanapanda kutoka kwenye mtambaapanya hadi kileleni. Juu yake zimelazwa fito za mianzi iliyopasuliwa, na kila zinapokutana pana fundo la kamba ya magome ya miombo. Msumari hakuna hata mmoja. Gome hufungwa likiwa limeloweshwa. Likikauka hukaza fundo kuliko mkono wa mtu ulivyolikaza. Nyasi huanzia upenuni, zikapanda safu kwa safu, kila safu ikifunika vifundo vya ile ya chini, ili tone likabidhiwe safu moja hadi nyingine mpaka ardhini. Wengi hudhani unene ndio unaozuia maji. Hapana, ni mteremko. Paa lililolala huvuja hata likiwa nene, ila kwenye paa lililosimama maji hayapati nafasi ya kufikiri. Na moshi ule unaotutoa machozi una kazi yake: masizi huwafukuza wadudu wanaokula fito.

Lakini sifa kubwa ya fundi huyu ni hesabu yake ya miezi. Nyasi hukatwa kiangazi, zikiwa zimekomaa na kukauka, kabla moto wa porini haujazipitia. Aliyezembea Julai, Januari utamkuta chini ya turubai.

Sina ugomvi na bati. Fedha za korosho na ufuta zimeezeka nyumba nyingi Ruangwa, na wenye nyumba wamestahili. Dunguni, hata hivyo, bati ni kiziwi. Mvua ikilipiga, nguruwe anaweza kula robo ya shamba bila mlinzi kujua. Chini ya nyasi mvua kubwa husikika kama inanyesha kwa jirani, na ndani ya sauti hiyo sikio zoefu hutambua bua la mahindi linalovunjika. Usiku ule mjomba alilisikia, akapiga debe, nguruwe wakakimbia.

Na anayedhani vya kigeni ndivyo hudumu, akumbuke haya: mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza waliiletea Nachingwea matrekta ya mpango wa karanga, wakajenga na reli kutoka pwani. Mpango ulivunjwa mwaka 1951, reli ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Dungu nalo halidumu. Baada ya misimu michache huezuliwa. Tofauti ni kwamba hurudishwa na mtu yuleyule, kwa nyasi za palepale, bila mkopo wa mtu.

Kinachonikera ni malipo. Fundi bati hutaja bei na akapewa. Mwezekaji huambulia ugali na asante, halafu tunashangaa vijana hawajifunzi. Kama kwenu bado yupo mzee anayejua kazi hii, mfuate kiangazi hiki ukiwa na mundu wako, na umlipe.