Kazi ya Chini ya Kifuniko

Miongoni mwa kazi ndogo za mikono ambazo mtu aweza kuzifanya nyumbani mwake kwa bisibisi, mkasi na subira, iko moja ambayo sijaisikia ikisifiwa mahali popote, nayo ni kazi ya kuivua taa kuukuu ya tyubu katika kifuniko cha tangi la samaki na kukivika kifuniko hicho taa za LED. Wasifuo nakshi za milango, mishono ya kofia na ujenzi wa majahazi wana haki yao, kwa kuwa kazi hizo husimama mbele ya macho ya watu na kujitangaza zenyewe. Kazi hii hufanyika upande wa chini wa kifuniko, ambako hakuna mgeni ainamaye kutazama, na ikiisha kufanyika vizuri hapatokei mtu wa kuuliza taa zimefungwa na nani. Kila aingiaye husema tu kwamba samaki ni wazuri. Sifa ya fundi huhamia kwa samaki, na hukumu juu ya kazi yake hutolewa na majani na mapezi, mahakimu wasioweza kuhongwa wala kubembelezwa. Kwangu mimi hiyo ndiyo fahari ya kazi yenyewe.

Nichukue mfano wa tangi la wastani, la urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kimo cha 30, liingialo lita 54 likijazwa hadi ukingoni, kama yalivyo mengi ya matangi yawekwayo sebuleni katika miji yetu ya pwani. Kifuniko chake ni cha plastiki nyeusi, na ndani yake imelala tyubu ya wati 15, urefu wake kama sentimita 45, pamoja na choki iliyo nzito kuliko vyote vilivyomo, na stata yake ndogo. Tyubu hiyo ilikuwa hodari zamani zake na sipendi kuitukana, ila ina aibu mbili. Ya kwanza ni kwamba hutupa nuru pande zote sawasawa, hata sehemu kubwa ya nuru hiyo ikaelekea juu darini mwa kifuniko, ambako isipokutana na bati la kung'aa la kuirudisha hupotea bure katika weusi wa plastiki. Ya pili ni ya siri zaidi: huchakaa bila kuzimika. Unga mweupe uliopakwa ndani ya bomba lake, ambao ndio ugeuzao mionzi isiyoonekana ya zebaki ikawa mwanga, hudhoofika polepole, na ncha zake huingia weusi, na jicho la mwanadamu, lenye kuzoea upungufu ujao kidogo kidogo, halishtuki hata kidogo. Majani ndiyo yashtukayo, yakaacha kuchipua, na mwenye tangi akaanza kuyalaumu maji, mchanga na chakula, ilhali mkosaji amelala juu yake akiwaka.

Watu wa kwanza waliofuga samaki ndani ya kioo kwa taratibu za ilimu hawakuwa na taabu hiyo, kwa maana walitegemea dirisha. Mwaka 1853 nyumba ya samaki ilifunguliwa katika bustani ya wanyama ya Regent's Park huko London, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akatoa kitabu chake kiitwacho The Aquarium, na wake kwa waume wa Uingereza wakashikwa na shauku ya kukusanya viumbe vya pwani na kuviweka sebuleni. Jua la dirishani ni la bure, lakini halina adabu: huja kwa wingi lisipotakiwa, huyapasha maji moto, na hukigeuza kioo kikawa kijani.

Taa za LED zilichelewa kufika chini ya kifuniko kwa sababu ambayo yafaa itajwe, kwa kuwa yenyewe ni habari ya ufundi. Nick Holonyak alionyesha taa nyekundu ya namna hii huko Marekani mwaka 1962, na rangi nyingine zikafuata, walakini bila ya samawati haikuwezekana kuipata nyeupe, na samawati yenye nguvu iliwagomea wataalamu kwa takriban miaka 30. Isamu Akasaki na Hiroshi Amano wa Nagoya, na Shuji Nakamura aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Nichia, ndio waliofaulu kuotesha fuwele safi za galiamu na nitrojeni zilizohitajika, na Nakamura hakuletewa tanuri lililo tayari. Alilifumua na kulifunga upya mwenyewe mpaka likamtii. Wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Nyeupe tuionayo leo, basi, ni samawati iliyofunikwa kwa unga wa manjano, na macho yetu huzichanganya rangi hizo yakapata weupe. Msomaji alihifadhi jambo hilo, maana tutalihitaji tufikapo kwenye rangi za samaki.

Madukani taa hizi huuzwa zikiwa zimepangwa juu ya utepe. Utepe wa volti 12 wenye taa 60 kwa mita, za ile aina iitwayo 5050, hula wati 14.4 kwa kila mita. Vipande viwili vya sentimita 50, vikilazwa sambamba chini ya kifuniko, hufanya mita moja kamili; wati 14.4 zikigawanywa kwa volti 12 hutoa ampea 1.2, na adapta ya ampea 2 itauchukua mzigo huo na nguvu kubaki. Hesabu ni ya mtoto wa shule, lakini ina utamu wake, kwa kuwa ni hesabu ambayo jibu lake litawaka usiku huo huo. Tena utepe haukatwi popote. Kila baada ya taa tatu, yaani kila sentimita 5, pana mstari mwembamba uliochorwa katikati ya madoa ya shaba, na hapo tu ndipo mkasi upitapo. Taa moja nyeupe hutaka kama volti 3, nazo zimefungwa tatu tatu kwa kufuatana, pamoja na rezista ya kuzimeza volti zinazosalia. Akataye nje ya mstari huzima taa zote tatu za kifungu hicho. Mchoraji wa utepe alikwisha kufikiri kabla yetu, na mkasi wetu unafuata fikra zake.

Wako wasemao kwamba taa za LED hazina joto. Kauli hiyo ni nusu ya kweli. Mbele, iendako nuru, joto ni haba sana; lakini mgongoni mwake joto lipo, na lisipopata njia ya kutokea huipunguza nuru na kuufupisha umri wa taa. Kwa sababu hiyo haifai kuubandika utepe moja kwa moja juu ya plastiki, ambayo hulizuia joto palepale. Dawa yake ni alumini. Mafundi wa madirisha ya alumini, ambao siku hizi hawakosekani katika mtaa wowote, huwa na vipande vilivyobaki wasivyojua la kuvifanyia, na kwa salamu njema na fedha kidogo utapata viwili vilivyonyooka vya urefu uutakao. Visugue kwa msasa mwembamba, vipanguse kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe, kisha ubandike utepe kwa kuukandamiza kwa kidole gumba kutoka ncha moja hadi nyingine, pole pole, bila kuacha upepo katikati. Gundi ya utepe peke yake haiaminiki katika mvuke wa tangi, kwa hiyo tia na vishikizo kila baada ya mapana ya kiganja.

Kisha huja kulehemu, na hapa naomba ruhusa ya kukawia, kwa kuwa hii ndiyo sehemu niipendayo. Doa la shaba ni dogo kuliko punje ya mchele, na juu yake pana ngozi ya silikoni ambayo huna budi kuikwangua kwa ncha ya wembe bila kuugusa utepe wenyewe. Kwanza doa hulishwa risasi peke yake, na ncha ya waya hulishwa risasi peke yake, ndipo vikutanishwe na kuguswa mara moja kwa chuma cha moto. Risasi huyeyuka, hung'aa kama iliyolowa, waya huzama ndani yake. Hapo chuma huondolewa, na mkono ulioshika waya lazima ukae tuli, usipumue hata kupumua, mpaka ule mng'ao utulie. Ukikawiza chuma doa hung'oka pamoja na shaba yake, na hakuna toba. Ukikiondoa mapema, risasi hukaa juu ya waya pasipo kuushika, na taa itawaka leo na kupepesa wiki ijayo. Kati ya kukawia na kuharakisha pana muda mfupi sana ambao hakuna kitabu kiwezacho kuufundisha. Mkono hujifunza wenyewe, na ukiisha kujifunza hausahau. Waya mwekundu kwa chanya, mweusi kwa hasi, na mtu asijifanye shujaa wa kuzikumbuka rangi kwa kichwa iwapo waya alizonazo ni za rangi moja: afunge uzi kwenye mmoja wao.

Kila mahali palipokatwa na palipolehemiwa hapana budi kuzibwa, kwa kuwa chini ya kifuniko pana unyevu wa daima na matone yatiririkayo usiku na mchana. Chagua silikoni kwa pua yako. Ile ya kawaida, itoayo harufu kali ya siki inapokauka, ni rafiki wa vioo lakini ni adui wa shaba. Tindikali yake huila mpaka ikafanya kutu ya kijani chini ya kizibo kinachoonekana kizuri kwa nje. Tafuta ile isiyo na harufu ya siki, uipake kwa wingi, uiache ikauke siku nzima kifuniko kikiwa mbali na maji. Ubahili katika jambo hili haufai.

Kazi ya mikono hukomea hapo, na kazi ya akili haijakoma. Katika tangi nilisemalo wamo samaki wadogo wa Unguja, ambao wataalamu huwaita Nothobranchius guentheri, viumbe wa madimbwi ya msimu, ambao hutaga mayai matopeni, na mayai hayo huvumilia kiangazi chote katika tope kavu yakingoja mvua, wakati wazazi wamekwisha kufa. Dume wao ana mng'ao wa kijani na buluu, magamba yaliyotiwa kingo za hudhurungi nyekundu, na mkia mwekundu. Chini ya tyubu iliyochakaa mkia huo hufanana na kutu. Chini ya LED za rahisi, zenye samawati nyingi na wekundu haba, kwa sababu ile niliyoiomba ihifadhiwe, haufaidi zaidi: tangi huwa jeupe kama hospitali na samaki wakapauka. Kwa hiyo anunuaye asitazame wingi wa nuru tu, bali atazame na uaminifu wake katika rangi, ambao huandikwa kwa herufi CRI. Iliyofika 90 inatosha kumrudishia dume heshima yake. Kwa weupe, Kelvini 6500 au pungufu kidogo ni karibu na mwanga wa mchana.

Madimbwi ya asili ya samaki hao ni ya maji machafuchafu, na mwanga huwafikia umekwisha kupungua. Ukiwasha ghafla taa kali katika chumba chenye giza watajificha chini ya majani wasitoke hata kwa chakula. Washa taa ya chumba kwanza. Majani nayo yana sheria yake: Anubias, ambaye hukua kwa uvivu mkubwa, akipewa nuru asiyoweza kuitumia hufunikwa na mwani, kwa kuwa mwani haungoji kualikwa. Anza kwa saa 6 kwa siku, ukifunga taima ili usitegemee kumbukumbu, na baada ya majuma kadhaa, ukiona majani mapya yanatoka safi, ongeza hadi 8. Ukiona vioo vinafanya utando, punguza. Mwenye tangi huona raha kuiongeza nuru, kwa kuwa humpendeza yeye. Kuipunguza kwa ajili ya samaki humtaka insafu, na insafu hiyo ndiyo niitafutayo kwa fundi kabla sijatazama ulehemu wake.

Nitaulizwa kwa nini mtu asinunue taa iliyo tayari. Na anunue, zipo nzuri, na kwa mtu ambaye saa zake ni ghali huenda zikawa rahisi kuliko za kujifungia. Lakini vifuniko vya zamani vina vipimo vyake ambavyo taa nyingi za dukani hazivitoshei, na kifuniko kizima kisitupwe kwa kosa la tyubu. Tena aliyenunua taa ikimharibikia hununua nyingine, na aliyeifunga mwenyewe huketi, akapima, akakuta kifungu kimoja cha taa tatu kimekufa, akakikata, akaunga kingine, na kabla ya magharibi samaki wana nuru yao.

Neno la mwisho ni la usalama. Upande wa volti 12 ni wa mikono yetu sote. Upande wa volti 230 mwachie fundi umeme kama huna hakika. Adapta ikae nje ya kifuniko na juu kuliko maji, na waya uendao kwenye soketi uachwe uning'inie chini yake kabla ya kupanda, ili tone litakaloteremka lidondoke sakafuni. Chomoa kabla ya kutia mkono majini, kila mara, hata ukiwa na haraka. Na ile tyubu kuukuu, msomaji wangu, usiivunje wala usiitupe jalalani watoto wanakookota vitu, kwa maana ndani yake mna zebaki. Izungushie magazeti, uiweke mahali ambapo haitaangukiwa na kitu, mpaka umpate apokeaye taa chakavu.