Rangi ya Baiskeli

Rangi ya mafuta ni kaidi. Ukiipaka kwa pupa inachuruzika. Ukiigusa kabla haijakauka, rangi mbili zinachafuana na kazi imeharibika. Ndiyo maana fundi wa picha za Tingatinga hupaka kwanza ubao mzima, akauacha ukauke, ndipo amweke chui wake, halafu madoa, halafu mstari wa mwisho, mwembamba kama unyasi. Ikikauka inang'aa, maana ilitengenezwa ing'ae: ndiyo ile iliyokuwa ikipakwa baiskeli.

Sisi wa Mpitimbi, tulio kwenye barabara ya Likuyufusi kwenda Mkenda, mpakani na Msumbiji, baiskeli hatuhitaji kuelezwa. Na Edward Saidi Tingatinga ni mtu wa mkoa wetu. Alizaliwa 1932 wilayani Tunduru, akaenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge, kisha Dar es Salaam, alikofanya kazi za kila namna. Mwaka 1968 akaanza kuchora kwenye hadibodi, zile mbao za kiwandani zinazopigiliwa darini. Ubao wa futi nne kwa nane, ukikatwa miraba ya futi mbili, unatoa picha nane bila kutupa hata kipande. Napenda sana hesabu hiyo. Ni akili ya mtu anayejua bei ya kitu.

Ulaya na Marekani nako wasanii walikuwa wamehangaika kwa miaka mingi kuitoa sanaa kwenye majumba ya makumbusho na kuirudisha kwenye maisha ya kila siku. Mjini Moscow, mwaka 1923, Varvara Stepanova na Lyubov Popova waliingia kiwanda cha nguo kubuni vitambaa vya kuvaliwa na watu wa kawaida. Miaka ya 1960 George Maciunas na wenzake wa kundi la Fluxus walitaka kuondoa kabisa mpaka kati ya msanii na mtu mwingine yeyote. Nawaheshimu, walikuwa na hadhi na wakakubali kuihatarisha. Tingatinga hakuwa na jumba la makumbusho la kulikimbia. Alianzia kwenye vifaa vya fundi ujenzi, akauza nje ya duka la Morogoro Stores, Oyster Bay.

Akawafundisha wengine: Ajaba Abdallah Mtalia, January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Simon Mpata. Hawakusoma nadharia. Walikaa karibu naye, wakatazama mkono unavyokwenda. Mwaka 1972 risasi ya polisi ilimuua Tingatinga, baada ya takribani miaka minne tu ya kuchora, lakini kazi ilikwisha kuwa mikononi mwa wengi. Mwaka 1990 mafundi wakaunda chama chao cha ushirika.

Wapo wanaoidharau kazi hii kwa sababu picha zinafanana. Sikubaliani nao hata kidogo. Mfinyanzi hurudia chungu, mshonaji hurudia gauni, na hakuna anayewaita waigaji. Mkono unaorudia ndio unaojua ni lini rangi ya chini imekauka vya kutosha.

Kinachoniuma ni kwamba wanunuzi wengi, tangu mwanzo, wamekuwa wageni. Kanga na tembo wamevuka bahari, na sebule zetu zimebaki na kalenda za mwaka juzi. Hadibodi na rangi ya mafuta zipo madukani Songea mjini. Namtaka kijana wa Mpitimbi achukue brashi, achore mahindi yetu na baiskeli iliyobeba gunia, amuuzie jirani yake kwa bei ambayo jirani anaimudu.