Uhakiki wa Istilahi: "Taka Ngumu" na Jamaa Zake

Miongoni mwa istilahi za usafi wa miji zitumikazo katika ofisi za halmashauri, shuleni na magazetini, "taka ngumu" imeenea mno. Bila shaka aliyeiunda alikusudia kuzitofautisha taka hizo na majimaji na moshi. Lakini ngumu katika Kiswahili ni kinyume cha laini, au kinyume cha rahisi. Maganda ya ndizi, nyanya zilizooza na mabaki ya ugali si vitu vigumu kwa maana yoyote kati ya hizo. Navyo vitu vya namna hiyo ndivyo sehemu kubwa ya taka za miji yetu.

Kasoro hii si ya maneno matupu. Mwenye nyumba akiagizwa kwa tangazo atenge "taka ngumu", ana haki ya kuweka chupa na vyuma na kuacha maganda. Hivyo kile ambacho kingeozeshwa kikawa mboji huishia jaani kikivunda. Aidha, tangu mwaka 2021 Kiswahili kilipofanywa lugha ya sheria nchini Tanzania, neno lenye utata laweza kumtia mtu hatiani. Na mambo ya taka hufika mahakamani: mwaka 1988 wakazi wa Tabata walilishtaki Jiji la Dar es Salaam kwa sababu ya moshi na uvundo wa jaa lililokuwa mtaani kwao.

Wapo wanaopendelea "taka yabisi". Hatuiafiki kwa matangazo ya umma, kwani yabisi hubeba pia maana ya ukavu, na taka zetu nyingi zina maji. Kwa maoni yetu kivumishi hakihitajiki kabisa. Lugha imekwisha kuwa na neno majitaka. Basi taka peke yake yatosha kwa zilizosalia. Panapotakiwa kutenganisha, tuseme taka zinazooza na taka zisizooza. Hapo hata mtoto wa shule ataelewa.

Jamaa wa pili ni "kuchakata". Neno hili ni zuri, lakini limebebeshwa mzigo usio wake. Twachakata mkonge na korosho, ambazo si taka. Yafaa basi tupambanue: chupa ya soda inayorudishwa kiwandani, ikaoshwa na kujazwa, inatumiwa tena, vipande vya alumini vinavyoyeyushwa na kufanywa sufuria vinarejelezwa, kopo linalofanywa koroboi bila kuyeyushwa limegeuzwa matumizi. Kuchakata libaki jina la jumla la kazi ya kutengeneza malighafi.

Mafundi wetu wamezitenda kazi hizi zote kwa miaka mingi. Hapana budi sisi wa kalamu tuzipe majina yanayolingana nazo. Twawaomba wafasiri, walimu na maofisa wa halmashauri wayapime mapendekezo haya na kutuletea maoni yao.