Fundi na Kitufe Kilichogoma

Saa tatu asubuhi fundi alivuta kiti cha plastiki, akaketi mbele ya kompyuta na kuiweka mikono yake mapajani. Hakugusa kibodi. Kwenye skrini kulikuwa na fomu ya programu ya stoo, visanduku vyake vyote vimejazwa: namba ya ankara, tarehe, jina la kipuri, idadi, bei. Chini upande wa kulia kilikaa kitufe kilichoandikwa Save. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa, na hakuna kilichohifadhiwa.

Duka hili la jumla la vipuri vya pikipiki liko Kariakoo, Dar es Salaam. Kwa miaka miwili, kila jioni baada ya kufunga, skripti fupi ilikuwa ikichukua ankara za siku kutoka kwenye jedwali na kuziingiza moja moja katika programu ya stoo: inajaza visanduku, inabofya Save, inaendelea na ankara inayofuata. Imeandikwa kwa AutoIt, lugha iliyoanza mwaka 1999 kwa kazi ya namna hiyohiyo, yaani kuiendesha Windows kama mtu anavyoiendesha, kwa kipanya na kibodi. Wiki iliyotangulia duka lilinunua kompyuta mpya. Tangu siku hiyo skripti ilijaza fomu ya kwanza, ikafika kwenye Save, na mambo yakaishia hapo. Haikutoa ujumbe wowote wa kosa. Karani, mama wa makamo, alikuwa amerudi kuingiza ankara kwa mkono hadi saa mbili usiku.

“Mashine imetugomea, mwanangu,” alimwambia fundi.

“Pole sana, mama. Naomba kwanza unionyeshe unavyofanya wewe mwenyewe.”

Mimi nilikuwa nimekuja dukani kwa shughuli nyingine. Nikapewa benchi pembeni, nikaketi, na nikasahau kilichonileta.

Mama aliingiza ankara moja taratibu. Fundi, dada asiyezidi miaka thelathini, aliyafuata macho ya mama kuliko vidole vyake. Mama alipobonyeza Tab kutoka kisanduku cha mwisho, macho yake yalikwenda kwenye Save yakatulia hapo, kidole kikisubiri juu ya kipanya. Maandishi ya kitufe yalikuwa yamefifia, kijivu juu ya kijivu. Programu ilikuwa ikiulizia namba ya kipuri kwenye kompyuta nyingine ya ofisini. Ikapita pumzi moja, maandishi yakakolea, na hapo ndipo mama alipobofya. Visanduku vikafutika, na namba ya rekodi juu ya fomu ikapanda kwa moja. Mama hakujua kwamba alikuwa anasubiri. Mkono wake ulikuwa umejifunza peke yake.

Fundi alifungua daftari, daftari la shule lenye mistari, akaandika sentensi tatu. Kitufe ni kizima. Kinachelewa kuamka. Kikifanya kazi, namba ya rekodi inapanda. Siku ile nzima haikutoka nje ya sentensi hizo tatu.

Kabla ya kuendesha skripti alifanya jambo ambalo halikuhusu kitufe hata kidogo: alinakili data ya stoo kwenye folda ya majaribio, akaielekeza programu huko. Sasa angeweza kuingiza ankara ileile mara hamsini bila stoo halisi kuonyesha boksi moja la plagi lisilokuwepo. Kisha akafungua skripti, akaisoma kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, na hakubadilisha kitu isipokuwa namba moja, nayo kwa muda tu. Amri ya MouseClick hukubali namba ya mwendo wa kishale, kutoka 1, upesi kabisa, hadi 100, polepole kabisa. Aliiweka 60, ili kishale kitambae na jicho liweze kukifuata.

Akaiendesha. Visanduku vilijaa. Kishale kikaondoka, kikashuka taratibu upande wa kulia, kikasimama juu ya eneo tupu la fomu, vidole viwili kabla ya kufika kwenye Save. Kikabofya hapo, pasipo na kitu.

“Umekiona?” aliniuliza bila kugeuka. Nilikuwa nimekiona.

Skripti ilikuwa imeagizwa kubofya kwenye pikseli 640 kwa mlalo na 480 kwa wima. Fundi alifungua kifaa kidogo kinachokuja na AutoIt, cha kusomea habari za madirisha, akaweka kishale katikati ya Save. Kikasoma 800 na 600. Alizigawa namba hizo pembeni ya daftari: 800 kwa 640 ni 1.25, na 600 kwa 480 ni 1.25. Namba mbili zikikubaliana hivyo, hazikubaliani kwa bahati. Akaenda kwenye mipangilio ya skrini, akakuta ukubwa wa maandishi umewekwa asilimia 125. Windows huhesabu ukubwa wa kawaida kuwa nukta 96 kwa inchi, na asilimia 125 ni nukta 120. Kila kitu kwenye fomu kilikuwa kimekua kwa robo na kusogea mbali na kona ya juu kushoto. Skripti iliendelea kubofya mahali kitufe kilipokuwa kwenye kompyuta ya zamani.

Wengi wangeishia hapo: wangeandika 800 na 600, wakachukua malipo yao. Yeye alirudisha kwanza ukubwa wa skrini kuwa asilimia 100, akatoka na kuingia upya kwenye Windows, akaiacha skripti na namba zake za zamani. Alitaka kujua kama hilo ndilo kosa pekee, na njia ya kulijua ni kubadilisha kitu kimoja, kisha kutazama. Aliendesha ankara kumi. Akachora mistari kwenye daftari, mmoja kwa kila jaribio. Sita ziliingia. Nne hazikuingia.

Kijana wa duka, aliyekuwa amesimama nyuma yetu na chupa ya maji, alitoa wazo. “Dada, labda haina ruhusa. Iendeshe kama msimamizi.”

Fundi hakulipuuza wazo lile. Tangu Windows Vista, iliyotoka mwaka 2007, programu yenye mamlaka madogo huzuiwa kutuma mibofyo kwenye dirisha la programu yenye mamlaka makubwa, na mara nyingi huzuiwa kimyakimya. Ni kosa linalowachosha mafundi wengi. “Ni swali zuri, mdogo wangu,” alijibu. “Lakini herufi zinaingia kwenye visanduku vya dirisha hilohilo. Ukuta ungekuwepo, na herufi zingezuiwa. Tena sita zimeingia. Ukuta haufunguki mara sita na kufungwa mara nne.” Hata hivyo alifungua Task Manager, akaongeza safu inayoonyesha mamlaka ya kila programu, akamwonyesha kijana kwamba skripti na programu ya stoo ziko sawa. Ilimchukua dakika mbili. Akaliandika wazo lile daftarini na kulipiga mstari, ili asilirudie tena.

Akarudi kwenye sentensi yake ya pili: kinachelewa kuamka. Katika skripti, kati ya kisanduku cha mwisho na mbofyo, palikuwa na agizo la kusubiri milisekunde 500, yaani nusu sekunde. Kwenye kompyuta ya zamani data ya stoo ilikaa ndani ya mashine ileile, na nusu sekunde ilitosha na kubaki. Sasa data imehamia kompyuta nyingine, na swali la namba ya kipuri linasafiri kwa Wi-Fi kwenda na kurudi. Safari nyingine ni fupi, nyingine ndefu. Mbofyo ukifika kitufe kikiwa bado kijivu, hupotea, na Windows haina sababu ya kumlalamikia mtu.

Kulikuwa na makosa mawili, moja limejificha nyuma ya lingine. Angekimbilia kubadilisha namba, skripti ingepona asubuhi ile na kuugua tena jioni.

Sasa alianza kutengeneza. Alishika alama ya shabaha kwenye kifaa chake cha kusomea madirisha, akaiburuta hadi juu ya Save, akaachia. Kifaa kikamwambia kitufe kile ni nani: aina yake Button, cha tatu katika fomu, maandishi yake &Save, na namba ya kitambulisho kiliyopewa na aliyeiandika programu. Akanieleza alama ile ya & mbele ya neno: ndiyo inayopiga mstari chini ya herufi S, na ukiisahau unapokitafuta kitufe kwa jina lake kamili, hutakipata. Kati ya “cha tatu” na kitambulisho, alichagua kitambulisho. Nafasi katika foleni inabadilika kitufe kipya kikiongezwa mbele. Namba kiliyopewa na mwandishi wa programu kwa kawaida hukaa nacho.

Akafuta MouseClick, akaandika ControlClick. Tofauti ya maneno ni ndogo, ya kazi ni kubwa. Amri ya kwanza hukipeleka kishale mahali fulani pa skrini na kubofya chochote kilichopo. Ya pili hukitafuta kitufe chenyewe ndani ya dirisha na kukifikishia ujumbe: kitufe cha kipanya kimeshuka, kitufe cha kipanya kimepanda. Fundi alinionyesha kwamba hizo ni jumbe mbili. Alibonyeza Save kwa mkono, akashikilia, akaburuta kishale hadi nje ya kitufe, akaachia. Hakuna kilichotokea. Kazi hufanyika kidole kinapoinuka juu ya kitufe kilekile. Nimetumia kompyuta miaka mingi, na sikuwahi kuliona hilo.

Lile agizo la nusu sekunde nalo aliliondoa. Mahali pake aliweka mzunguko: kila baada ya milisekunde 100, kiulize kitufe kama kimeamka; kikijibu ndiyo, bofya; zikipita sekunde 10 bila jibu hilo, andika kwenye faili la kumbukumbu na usimame. Nilitazama mistari ile nikamkumbuka mama na kidole chake juu ya kipanya. Fundi alikuwa ameiandikia mashine ule ungojeaji ambao mkono wa mama ulijifunza wenyewe.

Ilibaki sentensi ya tatu. ControlClick hurudisha 1 ikifaulu na 0 ikishindwa, na skripti nyingi huridhika na 1. Yeye hakuridhika. “Hiyo 1 inaniambia barua imepelekwa,” alisema. “Mimi nataka kujua imesomwa.” Kwa hiyo akaongeza hatua ya kusoma namba ya rekodi juu ya fomu kabla na baada ya mbofyo. Ikipanda kwa moja, endelea na ankara inayofuata. Isipopanda, simama, na uandike ni ankara ipi.

Kisha akarudisha ukubwa wa skrini kuwa asilimia 125. Mama alikuwa ameomba herufi kubwa kwa sababu ya macho yake, na fundi hakuona kwa nini macho ya mama yateseke kwa ajili ya skripti. Akaendesha ankara 40. Mistari arobaini ikachorwa daftarini, yote ya upande mmoja. Akaendesha tena huku akikisogeza kipanya ovyo. Kishale hakikuwa na kazi tena, na hakuna kilichoharibika. Akalifunika dirisha la stoo kwa dirisha la jedwali. Mibofyo ikaendelea kufika.

Jaribio la mwisho ndilo lililonigusa zaidi. Alizima Wi-Fi makusudi. Visanduku vilijaa, kitufe kikabaki kijivu, na sote tukaingoja ile sekunde ya kumi. Skripti ikasimama. Kwenye faili la kumbukumbu ukatokea mstari mmoja: saa, namba ya ankara, na maneno “Save haijaamka”. Fundi akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Alikuwa ameitengeneza ifanye kazi, na sasa ameona pia inavyoshindwa: kwa sauti, mahali panapojulikana, bila kuharibu ankara inayofuata. Skripti ya zamani ilikosea ikiwa kimya, na kwa sababu ya kimya hicho mama alibaki kazini hadi usiku wiki nzima.

Saa saba mchana aliirudisha programu kwenye data halisi, akafuta folda ya majaribio, akamkabidhi mama karatasi moja aliyoandika kwa mkono: faili la kumbukumbu liko wapi, na nini cha kufanya likiwa na mstari. Katika skripti nzima mistari iliyobadilika haikufika kumi na tano. Kuiandika kulimchukua chini ya nusu saa. Saa nyingine zote alizitumia kutazama na kuhesabu.

Mwenye duka alipoingia na kumkuta akifunga daftari, alishangaa kwamba kazi ya kitufe kimoja imekula asubuhi nzima. Mimi niliyekaa benchini ningependa kumjibu, na kukujibu nawe utakayeita fundi wa namna hii kesho. Ukimwona ameketi mbele ya mashine na mikono mapajani, usimhimize. Mpe kiti kizuri, mwonyeshe kazi inavyofanywa kwa mkono, kisha mwachie muda. Ameshaanza kazi.