Neno "Kisukari" Linatupotosha: Mbona Hatuzungumzii Mishipa?

Muulize mtu yeyote mtaani kisukari ni nini, atakujibu bila kusita: sukari imezidi kwenye damu. Muulize tiba yake, atakwambia ni kuishusha. Majibu hayo si ya uongo, ila yameishia njiani. Watu wengi wenye kisukari cha aina ya pili hawauawi na sukari iliyopanda siku fulani. Wanauawa na shambulio la moyo, kiharusi au figo zilizofeli, na wengine wanabaki hai lakini wamepoteza mguu au macho. Ukiyafuatilia madhara haya hadi chanzo chake, karibu yote yanapitia mlango mmoja: mishipa ya damu.

Kwa hiyo leo nataka kukosoa maelezo tunayopeana kuhusu ugonjwa huu. Nazungumzia vipeperushi, vipindi vya redio, mabango ya siku za kupima afya, na hata namna sisi wanafunzi wa sayansi tunavyowaeleza ndugu zetu nyumbani. Tumejenga kila kitu juu ya namba moja, ile inayotoka kwenye mashine ya kupima kidoleni. Matokeo yake, mtu anaweza kuitunza namba hiyo vizuri kabisa huku mishipa yake ikiendelea kuharibika, na asijue.

Mshipa si bomba

Kosa la kwanza liko kwenye mfano tunaoupenda: mishipa ni kama mabomba, na sukari au mafuta ni uchafu unaoganda ndani. Mfano huu unaeleweka haraka, lakini unaficha jambo la msingi. Bomba ni kitu kisicho na uhai. Mshipa una uhai, na sehemu yake iliyo hai zaidi ndiyo inayogusana na damu, yaani tabaka la seli moja tu kwa unene linaloitwa endothelia.

Kwa muda mrefu hata watafiti waliliona tabaka hili kama ngozi ya kuzuia damu isivuje. Mwaka 1980, Robert Furchgott wa New York alionyesha vingine. Alikuwa akifanyia majaribio vipande vya mshipa mkubwa wa sungura. Kemikali ya asetilikolini ililegeza vipande ambavyo tabaka lake la ndani lilikuwa zima, lakini vile ambavyo tabaka hilo lilikuwa limesuguliwa na kutoka havikulegea. Ina maana seli hizo zilikuwa zikituma ujumbe kwa misuli ya mshipa. Baadaye ilijulikana kwamba ujumbe wenyewe ni gesi, naitriki oksaidi, na mwaka 1998 Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Gesi hiyo hupanua mshipa, huzuia chembe sahani zisigandamane, na hupunguza kunata kwa seli za uvimbe kwenye ukuta. Endothelia ikichoka, gesi hupungua, na kazi zote hizo hulegalega kwa pamoja. Sasa tuulizane: mfano wa bomba unaweza kueleza hili? Hauwezi. Unamfanya mgonjwa adhani kuna "dawa ya kusafisha mishipa", na wauzaji wa dawa za namna hiyo mitandaoni wanaufahamu udhaifu huo vizuri sana.

Sukari inaingia bila hodi

Tuwe waadilifu: sukari yenyewe inaumiza mishipa, hilo halina ubishi. Seli za misuli husubiri insulini ndipo zifungue mlango wa glukosi. Seli za endothelia hazisubiri. Glukosi ikijaa kwenye damu, inajaa na ndani yake. Mwaka 2001 Michael Brownlee alipendekeza maelezo yanayounganisha mambo mengi: mitokondria za seli hizi zikizidiwa na glukosi, hutoa molekuli kali za oksijeni, na hizo huwasha njia kadhaa za uharibifu kwa wakati mmoja.

Mishipa midogo ndiyo inayoumia mapema. Kwenye retina, seli zinazoshikilia kuta za mishipa hufa, kuta huvimba na kuvuja. Kwenye figo, chujio huanza kupitisha protini kwenye mkojo. Mishipa inayolisha neva za miguu nayo ikidhoofika, neva hizo hunyauka, na ndiyo maana mtu anaweza kukanyaga msumari asubuhi na akaja kuuona jioni.

Ushahidi kwamba kudhibiti sukari kunasaidia hapa ni mkubwa. Utafiti wa DCCT, uliotolewa mwaka 1993 na kuhusisha watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza, ulionyesha kwamba udhibiti mkali ulipunguza kwa asilimia 76 hatari ya kuanza kuharibika kwa retina. Kwa hiyo sisemi sukari haina maana. Ninachosema ni kwamba haijawahi kuwa peke yake.

Mshipa huumia kabla namba haijapanda

Hapa ndipo jina la ugonjwa linapotuangusha zaidi. Mwaka 1988 Gerald Reaven alieleza kundi la matatizo yanayopenda kutembea pamoja: insulini kushindwa kufanya kazi yake vizuri, presha kupanda, na mafuta ya damu kuvurugika. Leo tunaongeza kitambi kwenye orodha hiyo na kuliita kundi lote sindromu ya metaboli.

Insulini haishughuliki na sukari tu. Kwenye endothelia, ni mojawapo ya vitu vinavyochochea kutolewa kwa naitriki oksaidi. Mwili ukianza kuikaidi insulini, njia hiyo hudhoofika. Lakini insulini ina njia nyingine, inayochochea kemikali ya kubana mshipa, na hiyo huendelea kufanya kazi. Kongosho nalo, ili sukari isipande, linamwaga insulini nyingi zaidi. Basi mtu anaweza kupima akaambiwa sukari yake ni ya kawaida, naye akarudi nyumbani akishukuru, kumbe mshipa wake unabanwa zaidi kuliko unavyolegezwa.

Ndiyo maana wagonjwa wengi hugundulika wakiwa wamechelewa. Katika utafiti mkubwa wa Uingereza, UKPDS, uliowaandikisha watu waliokuwa ndiyo kwanza wamegundulika na kisukari cha aina ya pili, zaidi ya theluthi moja walikutwa tayari na alama za uharibifu kwenye retina. Yaani siku wanaambiwa "una sukari", mishipa ilikuwa na habari hizo siku nyingi.

Majaribio yalishatuambia

Labda unasema hii ni nadharia tu. Tuangalie basi kilichotokea watu walipotibiwa.

Matokeo ya UKPDS yalitoka mwaka 1998. Kubana sukari kulipunguza madhara ya mishipa midogo kwa asilimia 25. Kwa shambulio la moyo upungufu ulikuwa asilimia 16, na kitakwimu haukutosha kuondoa shaka. Lakini ndani ya utafiti huohuo kulikuwa na kundi la wagonjwa 1,148 wenye presha pia. Waliodhibitiwa zaidi walifika wastani wa 144/82, wenzao 154/87. Tofauti hiyo ya pointi kumi za presha ya juu ilipunguza kiharusi kwa asilimia 44, vifo vinavyotokana na kisukari kwa asilimia 32, na madhara ya mishipa midogo kwa asilimia 37. Naomba uisome tena hiyo ya mwisho. Hata macho na figo, ambavyo tumezoea kuvihesabu kama mali ya sukari, vilinufaika na dawa za presha.

Kisha ukaja utafiti wa ACCORD, Marekani na Kanada, wenye washiriki 10,251. Swali lake lilikuwa la wazi: tukiisukuma sukari hadi karibu na ya mtu mzima kiafya, je, moyo utapona? Mwaka 2008 sehemu hiyo ilisimamishwa mapema. Kundi lililobanwa zaidi lilikuwa na vifo 257, kundi la udhibiti wa kawaida 203. Namba ilipendeza, watu wakafa zaidi.

Linganisha na utafiti wa Steno-2 wa Denmark. Ulikuwa mdogo, watu 160 tu, ila ulishambulia kila upande: sukari, presha, kolesteroli, aspirini, chakula, mazoezi na sigara. Matukio ya moyo na mishipa yalipungua kwa takriban nusu. Ripoti ya mwaka 2016 ilionyesha kwamba waliotibiwa hivyo waliishi takriban miaka minane zaidi kuliko wenzao.

Tahadhari: usisome haya ukaacha dawa za sukari. Washiriki wa ACCORD walikuwa wameugua kwa miaka mingi na wengi mioyo yao ilikuwa tayari na matatizo. Ufuatiliaji wa UKPDS miaka kumi baadaye ulionyesha kwamba walioanza mapema kudhibiti sukari walipata mashambulio machache ya moyo. Kudhibiti mapema kunalipa. Kuishusha sukari kupita kiasi ukiwa umechelewa ndiko kulikoleta balaa.

"Lakini watu wanataka ujumbe mfupi"

Hii ndiyo hoja ninayoisikia kila nikilisema jambo hili, na ina uzito. Ujumbe wa namba moja ni rahisi kukumbuka. Lakini urahisi wake una gharama. Kwanza, unampa kila muuzaji wa juisi ya majani ushahidi wa bure: pima kabla, kunywa, pima baadaye, namba imeshuka, lipia. Hakuna anayemuuliza kuhusu figo. Pili, unaligeuza lawama kwa mgonjwa suala la chai na soda, wakati mtu anayekunywa chai chungu na presha ya 170 yuko hatarini kila siku. Tatu, unatenganisha "sukari" na "presha" kana kwamba ni wageni wawili waliogongana mlangoni, ilhali wanakula nyumba moja.

Na kwa upande wa gharama, ukosoaji huu hauongezi mzigo. Mashine ya presha haili vijiti vya kupimia kila unapoitumia. Kukagua nyayo kunahitaji macho na mwanga. Kipimo cha protini kwenye mkojo si teknolojia ya anga za juu.

Ujumbe mfupi unaweza kubaki mfupi: *kisukari ni ugonjwa wa mishipa, na sukari ni mojawapo ya vinavyoiumiza.* Mama au mjomba anayekwenda kliniki aende na maswali matano. Presha yangu ni ngapi? Mkojo wangu una protini? Mara ya mwisho retina yangu ilichunguzwa lini? Nani ameangalia miguu yangu? Kolesteroli yangu inahitaji dawa? Kama anavuta sigara, la sita analijua mwenyewe.

Na sisi tunaoandika na kufundisha, tuanze kwa kuacha ule mfano wa bomba. Tukichora mshipa ubaoni, tuchore na zile seli zake za ndani, kisha tueleze zinafanya kazi gani zikiwa nzima. Mtu akishajua kwamba ana kitu hai cha kulinda, ni rahisi zaidi kumweleza kwa nini daktari amemwandikia dawa ya presha wakati yeye alikuja kwa ajili ya sukari.