Rai na Raia

Jenerali Ulimwengu, aliyezaliwa mwaka 1948, alisomea sheria, akawa mkuu wa wilaya, akawa na mbunge; lakini wasomaji wa Kiswahili humjua zaidi kwa safu yake, "Rai ya Jenerali". Safu hiyo ilisomwa katika Rai, gazeti aliloliasisi pamoja na wenzake mwaka 1993, na baadaye katika Raia Mwema.

Majina hayo yastahili kutazamwa. Sikio hudhani rai na raia ni ndugu, sivyo. Yote mawili yatoka katika Kiarabu, lakini asili ya rai ni kuona, na asili ya raia ni kuchungwa, kama lichungwavyo kundi. Humo ndimo ulimo mzozo wa safu nzima: mwenye kuchungwa adai haki ya kuona kwa macho yake na kukisema akionacho.

Ni kweli kwamba mara nyingine mwanasheria humpokonya msimulizi kalamu, na hoja ikarefuka kupita subira ya msomaji wa gazeti. Hata hivyo, urefu huo ni heshima kwa msomaji, adhaniwaye kuwa na akili.

Mwaka 2001 serikali ilitangaza kwamba yeye, na wengine watatu, si raia. Tangu hapo "sisi", neno ambalo mwandishi wa safu hulitumia bila kufikiri, likawa neno la kugombewa. Uraia aliupata tena. Lakini Raia Mwema lilipotoka mwaka 2007, hilo "mwema" lilikuwa ombi, au dhihaka?