Fani na Maudhui ya Ghorofa za Kifahari Mjini Bukavu

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kuigawa kazi ya sanaa katika fani na maudhui, na zana hiyo imetumika zaidi katika riwaya, tamthilia na ushairi. Hakuna sababu ya kulinyima jengo haki hiyo. Ghorofa za kifahari zilizojengwa tangu miaka ya 2000 katika rasi za Bukavu, hasa Muhumba na Nguba, hujadiliwa kwa sura yake tu: wapo wanaozisifu kuwa ni maendeleo, na wapo wanaolalamika kwamba zimeuharibu mji mzuri ulioachwa na Wabelgiji. Lalamiko hilo la pili ndilo linalostahili kuchunguzwa, kwani limekubaliwa kwa urahisi mno.

Ni kweli kwamba fani ya mji wa zamani, ulioitwa Costermansville hadi miaka ya 1950, ilikuwa na nidhamu. Majengo yake ya mtindo wa Art Deco yana kona za mviringo, mistari mlalo na vibaraza vilivyozama ukutani. Hata Hôtel Résidence, katika barabara ambayo sasa inaitwa Patrice Lumumba, halikujaribu kushindana na vilima. Mstari mlalo unapatana na ziwa. Lakini maudhui ya utulivu huo yalikuwa nini? Ibanda ilitengwa kwa Wazungu; Mwafrika aliyefyeka nyasi zake alirudi jioni Kadutu au Bagira, ambako Ofisi ya Miji ya Waafrika ilijenga nyumba za safu katika miaka ya 1950. Utulivu wa kibaraza ulitegemea umbali huo. Anayeusifu mstari bila kuutaja umbali amesoma nusu ya kazi.

Ghorofa mpya, kwa upande wake, imejengwa na wana wa mji wenyewe, kwa mafundi wa mji, katika kipindi ambacho dola haikujenga karibu kitu chochote. Jambo hili si dogo, na wakosoaji hulipita haraka. Hata hivyo, fani yake imekopwa bila kuulizwa ilitoka wapi. Nguzo za zege ni mfano mzuri. Le Corbusier aliliinua jengo juu ya nguzo ili ardhi iliyo chini ibaki wazi kwa wapita njia; jengo lake la Marseille, lililokamilika mwaka 1952, lina makao 337, pamoja na njia ya ndani yenye maduka na shule ya watoto wadogo juu ya paa. Huko Muhumba nguzo zipo kwa sababu mteremko unazilazimisha, na ardhi iliyo chini imezungushiwa ukuta hadi ufukweni. Ishara imebaki, maana imeondoka. Vioo vya buluu navyo vinastaajabisha: katika mwinuko wa takriban mita 1,500, ambako dirisha lililo wazi linatosha mwaka mzima, mwenye nyumba ananunua kinga dhidi ya joto la nchi nyingine.

Kisha kuna umeme. Mto Ruzizi unatoka ziwani ukingoni mwa mji huo huo, na mabwawa yake mawili, la mwishoni mwa miaka ya 1950 na la 1989, yanatumikia zaidi ya mji mmoja. Bado pampu ya maji ya ghorofa ya nne hutegemea jenereta, na mlio wake humfikia jirani asiye na maji wala ghorofa.

Kasoro kubwa zaidi, lakini, haionekani katika picha. Bustani zilizokuwa zikinywa mvua ya Septemba hadi Mei zimefunikwa kwa saruji, na maji hutafuta njia mpya. Tetemeko la tarehe 3 Februari 2008, lenye ukubwa wa takriban 5.9, lilikumbusha kwamba mji huu umekaa juu ya bonde la ufa. Hapo ndipo nyumba ya mbao ya Kadutu, inayodharauliwa na wote, ilipokuwa na faida moja juu ya zege lisilo na nondo za kutosha: ni nyepesi. (Moto ni habari nyingine, mbao hizo hizo zimeteketea mtaa kwa mtaa.) Ghorofa inayostahili kuitwa ya kisasa Bukavu ingeanzia kwenye udongo na mfereji, kabla ya kufika kwenye kioo.

Lugha yenyewe imekwisha kutambua tofauti fulani. Ghorofa, kutokana na neno la Kiarabu lenye maana ya chumba, ilikuwa pwani sehemu ya juu ya nyumba, pa familia kukaa na kupunga upepo. Wakazi wa Bukavu husema etaji, kutoka Kifaransa, na neno hilo hutumika zaidi kumpima mtu: fulani amejenga etaji. Idadi ya etaji hutajwa kwanza. Idadi ya wanaoishi ndani ni nadra kuulizwa.